Molekuli moja, bando moja: kwa nini rangi ndo inayoikwamisha hadubini

Ukiacha taa ya hadubini ikiwaka sehemu moja tu ya slaidi ya TB iliyopakwa auramini, ile rangi ya kung'arisha vijidudu, ukaenda kupokea simu, ukirudi usogeze slaidi kidogo pembeni, utaona duara. Ndani ya duara vijidudu vimefifia, vingine huvioni kabisa, nje ya duara vimewaka njano-kijani vizuri tu. Dogo mmoja wa field alikutana nalo akadhani lenzi imechafuka, akaifuta, akaifuta tena, duara halitoki, na kila akisogeza slaidi linahama nalo. "Dada, hili doa liko kwenye slaidi, sio kwenye lenzi." Kweli kabisa, liko kwenye slaidi, na aliyelichora ni yeye mwenyewe kwa taa.

Mi kazi yangu ni maabara, hapa hapa Dar, na hili la rangi kupauka tunafundishwa kama sheria tu: slaidi ya auramini isikae kwenye mwanga, weka kwenye boksi, soma ndani ya saa 24, basi, mambo mengine endelea. Hakuna anayekwambia kwa nini. Siku hizi GeneXpert, ile mashine inayotafuta DNA ya TB, ndo inaanza kupima kabla ya hadubini (na yenyewe ndani inatumia rangi hizi hizi zinazong'aa, ila huzioni) kwa hiyo hata wanaouliza wamepungua. Nilipoanza kutafuta hiyo kwa nini nikajikuta nasoma kazi za watu wanaoangalia molekuli moja moja, sio bakteria, sio chembe ya mwili, molekuli, na huko hiki ambacho kwetu ni usumbufu mdogo wenyewe kwao ndo ukuta waliogonga vichwa miaka na miaka.

Kwa kifupi rangi ya floresensi inafanya hivi: inameza mwanga wa rangi moja, auramini inameza bluu, inakaa na hiyo nishati kwa nanosekunde chache (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), halafu inautema ukiwa umepungua nguvu, umekuwa kijani. Filta inazuia bluu yote, jicho linapata kijani peke yake, ndo maana bakteria anaonekana kwenye giza. Bakteria mmoja wa TB amebeba auramini nyingi sana kwenye asidi ya mikoliki, yale mafuta ya ukuta wake, kwa hiyo zikifa nyingine hapo hamna noma, zilizobaki zinatosha kumwonyesha. Sasa chukulia una molekuli moja ya rangi, umeifunga kwenye protini moja, unataka kujua hiyo protini inatembeaje. Ikifa, imekufa na kazi yako.

Mi naielewa hivi, kila molekuli ina bando lake la fotoni, yaani vipande vidogo kabisa vya mwanga. Sio la siku wala la wiki, ni la matumizi, ukiiweka gizani inatulia nalo, ukiimulika inalila. Rangi nzuri ya kisasa ikiwa kwenye mazingira mazuri inaweza kutoa fotoni laki kadhaa hadi milioni hivi kabla ya kuzima moja kwa moja. Inasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba fotoni hazina adabu, zinatoka kila upande, lenzi inakamata sehemu tu, filta nayo inakata zake, kamera nayo haipokei zote, mwisho wa siku kinachobaki mkononi ni sehemu ndogo ya bando. Na leza ikiwa kali bando zima linaisha ndani ya sekunde. Na hakuna kuongeza salio.

Kitu kimoja kilinifurahisha sana hapo. Molekuli nyingi zikiwa pamoja mwanga unapungua taratibu, mstari unashuka kwa mteremko laini, lakini molekuli moja haififii. Inawaka, inawaka, inawaka, halafu sifuri. Ngazi moja tu. Mpaka leo watu wakitaka kuthibitisha kwamba doa wanaloliona ni molekuli moja kweli na sio mbili zimekaa karibu, wanasubiri ife wahesabu ngazi. Mwaka 2007 watafiti Ulbrich na Isacoff wakaigeuza kuwa kipimo kabisa: protini ya kwenye utando wa chembe imejengwa kwa vipande vingapi? Kila kipande kipe rangi yake, washa taa, hesabu zinavyozima, ngazi nne maana yake vipande vinne. Yaani kifo cha rangi kimekuwa data.

Kabla ya kuendelea, kidogo ya zamani, maana inatuhusu. Floresensi ilianza kuchunguzwa vizuri kwenye kwinini. Ndiyo, kwinini ya malaria, ile chungu iliyotufanya masikio yavume utotoni. John Herschel mwaka 1845 aliandika kuhusu mwanga wa bluu wa ajabu kwenye maji ya kwinini, na mwaka 1852 George Stokes akaeleza kwamba dawa inameza mwanga usioonekana inatoa unaoonekana. Unaweza kuona mwenyewe leo: chukua soda ya toniki, imulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani, itawaka bluu. Sasa tia chumvi ya mezani uone inavyofifia. Hapo kwinini haijafa, kloridi iliyo kwenye chumvi inainyang'anya nishati kabla haijatoa mwanga. Kuzimwa na kufa ni vitu viwili tofauti na huo utofauti tutauhitaji mbele.

Molekuli moja yenyewe ilionekana kwa mara ya kwanza 1989, W. E. Moerner na Lothar Kador kwenye maabara ya IBM kule California, na walichoangalia sio mwanga unaotoka, ni kivuli kidogo cha mwanga uliomezwa na molekuli ya pentasini iliyofungiwa ndani ya kristali, kwenye baridi ya heliumu ya kimiminika, karibu nyuzi -270. Mwaka uliofuata Michel Orrit na Jacques Bernard wa Bordeaux wakaifanya kwa floresensi na picha ikawa safi zaidi. Angalia mazingira hayo lakini: baridi kali, kristali, molekuli imebanwa haina pa kwenda na oksijeni haina pa kupita. Rangi inadumu. Ukitaka kuiona hiyo hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, ndani ya chembe inayopumua, hapo ndo kimbembe kinaanza.

Kimbembe chenyewe kinaitwa tripleti, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndo penyewe. Kila elektroni ina kitu kinaitwa spini, chukulia kama mshale, na elektroni zinazokaa mbili mbili kwenye molekuli spini zake huwa zimepingana, moja juu moja chini. Molekuli ikishameza mwanga, elektroni moja inapanda, na kawaida inashuka ikiwa bado na spini yake ile ile, fotoni inatoka, mzunguko unaanza upya, mamilioni ya mara kwa sekunde ukitaka. Ila mara moja moja spini inageuka ikiwa huko juu, na hali hiyo ndo tripleti. Sasa kushuka kunakuwa marufuku kwa sheria za kwantamu, marufuku ya kibongo lakini, yaani inawezekana ila itachelewa. Badala ya nanosekunde inakaa maikrosekunde, hata milisekunde. Muda wote huo haitoi mwanga, imebeba nishati, na chochote kinachopita karibu inaweza kukirukia.

Na anayepita karibu zaidi ni oksijeni. Maji ya kawaida yaliyokaa wazi yana kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na oksijeni ya hewani yenyewe kwa asili iko kwenye hali ya tripleti, kwa hiyo hao wawili wanaelewana haraka. Wakigongana rangi inashuka chini salama, tayari kuwaka tena, na oksijeni inaondoka na ile nishati, imegeuka singleti, hali yake yenye nishati zaidi. Oksijeni ya singleti ni mkorofi, inashambulia vifungo vya kaboni, inashambulia rangi iliyoiumba, inashambulia protini ya jirani, na rangi ikishakatika mnyororo wake wa kaboni pale katikati hairudi tena.

Kwa hiyo oksijeni ndo inayoiokoa rangi na ndo hiyo hiyo inayoiua. Mi nilisoma hapo mara ya kwanza nikarudia, maana nilikuwa nategemea adui awe adui. Ukiiondoa oksijeni yote, rangi inaishi muda mrefu, sawa, lakini inanasa kwenye tripleti inazima, inawaka, inazima, inapepesa, na wewe unayepima mwendo wa protini hujui hapo protini imebadilika au rangi imesinzia.

Kuiondoa oksijeni kwenyewe ni kazi ya jikoni zaidi kuliko ya fizikia. Njia ya zamani inayotumika mpaka leo ni kutia glukosi na enzaimu inaitwa glukosi oksidesi, ile ile iliyoko kwenye strip nyingi za kupimia sukari kwa kutoboa kidole. Inachukua glukosi na oksijeni inatoa asidi ya glukoniki na hidrojeni peroksaidi. Peroksaidi nayo ni sumu kwa rangi, kwa hiyo unatia enzaimu ya pili, katalesi, iivunje. Katalesi unaijua hata kama hujui jina lake, ukimwaga peroksaidi kwenye kidonda ikatoa povu, ni yenyewe kwenye damu yako inafanya kazi. Ubaya ni ile asidi: inajilimbikiza, pH inashuka, na majaribio yakiwa marefu bafa, yale maji ya kushikilia pH isibadilike, inalemewa na protini zako zinaanza kufanya vituko ambavyo sio vya kwao. Mwaka 2008 Aitken, Marshall na Puglisi wakapendekeza enzaimu nyingine inayokula asidi ya protokatekui, inasafisha oksijeni vizuri na rangi zikadumu zaidi. Bado watu wengi wanatumia ya glukosi, nadhani kwa sababu ni rahisi na wameizoea.

Halafu kuna Trolox. Hii ni vitamini E iliyokatwa mkia wake wa mafuta ili iyeyuke kwenye maji. Mwaka 2006 Rasnik, McKinney na Taekjip Ha wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba ukishaondoa oksijeni ukatia Trolox kidogo, rangi inaacha kupepesa na inawaka muda mrefu. Ikasambaa kila maabara. Sehemu ninayoipenda ilikuja baadaye. Mwaka 2008 kundi la Philip Tinnefeld kule Ujerumani likatoa mantiki yenyewe: rangi iliyonasa kwenye tripleti mpe kitu cha kumwongezea elektroni na kitu cha kumnyang'anya elektroni, vyote viwili pamoja, popote alipokwama mmoja wao atamrudisha chini. Sasa Trolox inatoa elektroni, anayepokea yuko wapi? 2009 wakagundua kwamba Trolox iliyokaa kwenye maji yenye hewa, au iliyopigwa na mwanga wa UV, sehemu yake inageuka kwinoni, na hiyo kwinoni ndo mpokeaji. Kumbe chupa iliyochakaa kidogo inafanya kazi vizuri kuliko iliyotengenezwa asubuhi hiyo. Fikiria ni watu wangapi walikuwa wanamwaga ya zamani wakijiona wasafi.

Dogo wangu nilipomsimulia haya akauliza swali zuri: "Kwa hiyo dada, na sisi si tutie hiyo vitamini kwenye auramini?" Nikamwambia slaidi yetu ni kavu, hizo dawa zinahitaji maji au gliseroli ili zitembee zikutane na rangi. Wanaofanya slaidi za tishu wana gundi zao za kufunikia zenye dawa ya kuzuia kupauka, sisi hatufuniki. Na sisi hatutafuti molekuli, tunahesabu bakteria kwenye uwanja (lile eneo linaloonekana kwa mara moja kwenye lenzi), tukihama uwanja mwingine rangi bado mbichi. Dawa yetu ni kuzima taa ukiinuka, au kuziba njia ya mwanga kama una kile kifuniko. Akaona nimemkatia stimu.

Turudi kwenye molekuli, maana bando lina hesabu yake. Tangu mwanafizikia Ernst Abbe mwaka 1873 inajulikana kwamba kitu kidogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga hadubini inakionyesha kama doa pana, tuseme nanomita 250, hata kama kitu chenyewe ni nanomita moja. Lakini kama unajua doa limetoka kwa molekuli moja unaweza kutafuta katikati ya doa, na usahihi wa hiyo katikati ni upana wa doa gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni. Fotoni 100, unakosea kama nanomita 25. Fotoni 10,000, nanomita 2.5. Ukitaka usahihi mara kumi unalipa fotoni mara mia, na kila fotoni inatoka kwenye bando la rangi. Hiyo ndo sababu nasema wakati mwingine tunashangaa mashine bure. Mashine haina uwezo wa kulipa fotoni ambazo rangi haina.

Na hapo ndo kupepesa kulipogeuka dili. Molekuli elfu zikiwaka pamoja kwenye eneo la doa moja huwezi kutafuta katikati ya yoyote, lakini zikizimwa karibu zote, zikawa zinawaka chache chache kwa zamu, unapima moja, inazima, unapima nyingine, mwisho unaunganisha picha. Mwaka 2006 Xiaowei Zhuang na wenzake wa Harvard walifanya hivyo kwa rangi ya Cy5, na bafa inayotumika kwa kazi hiyo ni ile ile ya kuondoa oksijeni, ila badala ya kuzuia kupepesa wanatia dawa za salfa zinazonuka yai viza, zinajishika kwenye mnyororo wa rangi na kuizima kwa muda bila kuiua. Mwaka huo huo Eric Betzig na Harald Hess wakatoa ya kwao kwa protini zinazong'aa, kifaa cha kwanza wamekiunga sebuleni kwa Hess, na wote wawili wakati huo hawakuwa na ajira. Betzig, Moerner na Stefan Hell wakapewa Nobeli ya kemia 2014. Ya kemia, sio ya fizikia, na mi naona ni sawa.

Chembe hai ndo zimebaki mtihani. Huwezi kuiondolea oksijeni chembe halafu ukategemea ikuonyeshe maisha yake ya kawaida, kwa hiyo dawa ya kutia kwenye bafa inakosa nguvu na kinga inabidi iwe ndani ya rangi yenyewe. Scott Blanchard na wenzake 2012 wakaifunga molekuli ya siklooktatetraeni moja kwa moja kwenye Cy5, ikawa inatembea na mlinzi wake anayeinyonya tripleti hapo hapo. Luke Lavis na kundi lake kituo cha Janelia, Virginia, mwaka 2015 wakachukua rodamini za kawaida (rodamini ni familia nyingine ya rangi zinazong'aa), mahali penye nitrojeni na mikono miwili ya kaboni inayocheza cheza wakafunga mikono hiyo kuwa pete ndogo ya pembe nne. Badiliko dogo kweli. Mikono ikiacha kucheza rangi haipotezi nishati ovyo, ikawaka zaidi na ikadumu zaidi. Baadaye wakabadilisha hidrojeni za sehemu hiyo kwa deuteri, hidrojeni nzito, ikadumu tena zaidi, maana kifungo chake ni kigumu kidogo kuvunjika. Na kuna waliokataa mchezo wote, njia ya DNA-PAINT tangu 2010, rangi haifungwi moja kwa moja, inakuja kwenye uzi mfupi wa DNA, inajishika sekunde chache, inaondoka, inakuja mpya. Bando likiisha hamna shida kwa sababu mwingine yuko njiani. Ila ni taratibu, na rangi zinazoelea pembeni zinachafua picha.

Hapa kwetu mtu akiandika andiko la mradi cha kwanza anachoweka ni mashine. Mashine inakuja, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na baada ya masika mawili matatu lenzi zimeota ukungu kwa sababu silika geli, ile ya kunyonya unyevu, hakuna aliyeibadilisha. Rangi nayo inaagizwa mwishoni na hela zilizobaki, inafika, inawekwa kwenye friza, mtu anaitoa anaifungua ikiwa bado ya baridi, na unyevu wa Dar ulivyo mwezi wa tatu maji yanaganda ndani ya kichupa hapo hapo. Rangi nyingi za kufungia protini zinauzwa kama esta za NHS, yaani rangi iliyowekewa kishikio cha kemikali cha kunasa protini, na hizo zikiona maji zinavunjika, hazishiki tena kwenye protini. Ukija kuona picha ina giza unalaumu kamera. Kichupa kinatakiwa kikae nje mpaka kifikie joto la chumba ndo ufungue, na ukishayeyusha ugawe kidogo kidogo kwenye vichupa vya giza au ufunge foili. Haya hayaombewi ufadhili na hayana utepe.

Mi ningeanzia kwenye rangi. Uimara wa rangi kwenye mwanga unaweza kuupima bila kuwa na hadubini ya molekuli moja: kuveti (kichupa kidogo cha kupitishia mwanga), taa ya LED unayoijua nguvu yake, spektrofotomita (kipimo cha mwanga uliomezwa) ambayo idara nyingi za kemia wanayo, unapima kila baada ya muda unachora mstari unavyoshuka. Haitakwambia habari ya kupepesa, hilo linataka molekuli moja moja, lakini itakwambia bafa ipi inaua haraka na ipi inalinda kwa joto letu la nyuzi 30, kwa maji yetu. Nimeshaongea na jamaa wa kemia, tunaanza na rodamini, upande mmoja bafa tupu, upande wa pili glukosi na enzaimu zake, wa tatu tunaongeza Trolox iliyochakaa. Kinachotukwamisha kwa sasa ni kuveti zenye kizibo kisichopitisha hewa, maana ukifunga kwa parafilm, ile karatasi ya nta ya maabara, oksijeni inarudi kabla hata hujamaliza mstari wa kwanza, kwa hiyo mwenye nazo zimekaa tu kabatini anitafute.